Mkono wa Pori Ndani ya Maziwa

Asubuhi zingine, hapa Sake, kabla sijafungua macho, ninasikia harufu ya kave. Harufu ya fromaji changa, jibini letu la vilimani, ya chumvi, ya mbao zenye majimaji, na ile baridi inayotoka ndani ya udongo wenyewe. Ninalala hivyo hivyo, sisogei, juu ya kuwa nikisogea inakimbia. Nje magari ya Goma yanapiga honi, mke wangu anapepea moto, na mimi bado niko kule kwenye vilima vya Masisi, ndani ya kave, chumba kilichochimbwa katika kilima, ninageuza fromaji moja moja kama mtu anayegeuza watoto usingizini ili ubavu usiwaume.

Kave ile ilikuwa inapumua. Anayebisha abishe. Ukungu ulishuka kwa ngazi, ukaingia bila hodi, ukatuzunguka mimi na mzee shefu, mkubwa wangu wa kazi, mpaka nikawa sijui mkono upi ni wangu na upi ni wake.

Mzee shefu wa kave alikuwa mtu wa vilima, amezaliwa katikati ya ng'ombe. Mimi ni wa Walikale, mtoto wa msitu. Baba yangu alilima ndizi na kuwinda. Vita ilinitoa kule nikiwa kijana. Tulikimbia wengi, tukafika wachache, na habari ya waliobaki njiani siiwezi hata leo. Shamba lile la ng'ombe lilikuwa la muzungu. Nilifika na kaptula moja, wakanipa fagio. Baadaye wakanipa bidoni za maziwa nizioshe. Siku moja mzee akaniita chini.

"Weye wa pori, kuja. Mikono yako iko baridi?"

Nikamwonyesha. Akaishika muda mrefu, amefumba macho kama anayesikiliza kitu.

"Hii njo mikono fromaji inataka," akasema. "Ya moto inaiharibu."

Basi, nikabaki kule chini mpaka ndevu zikaanza kuwa nyeupe. Shule nilisoma kidogo tu, ya kuandika jina na kusoma Biblia polepole, kwa hiyo mambo haya ninayaandika sawa ninavyoyasema.

Magoti ya mzee yalipokataa ngazi, alisimama asubuhi moja mahali pa kupokelea maziwa, mbele ya wafanyakazi wote, akasema: "Kave nimemwachia huyu." Alininyooshea fimbo. Watu wakapiga makofi. Nilisikia mwili unakuwa mwepesi, kama nimelala na kuna mtu ananibeba.

Nilikitaka kile cheo. Mshahara mtu hakatai, lakini mimi nilitaka kuitwa. Miaka yote hiyo jina langu lilikuwa "wa pori." Wa pori, leta maji. Wa pori, funga mlango. Shefu wa kave ni shefu hata kanisani. Akiingia, watu wanasogea kwenye benchi.

Sasa nitasema nani aliniharibia. Jina lake ninalibakiza mdomoni, lakini kazi yake ninaitaja, na wanaomjua watamjua: ni kapita mkubwa wa shamba lile, mwenye kuamuru wafanyakazi wote patro, yule muzungu mwenye shamba, akiwa mjini. Alinifuata jioni ileile, akaniwekea mkono begani. Mkono laini kama mkate.

"Kaka, kwa roho yangu mimi niko na weye. Shida iko kwa wachungaji wa ng'ombe. Wanasema muntu wa kula nyama ya pori akikuwa mukubwa wa maziwa, ng'ombe zitatoa damu. Ngojea kwanza. Ile nyama uiache. Waone uko safi."

"Safi?"

"Wao njo wanasema. Si mimi."

Nikaiacha. Imani ile nilikuwa nimeisikia tangu zamani, wazee wa ng'ombe wanayo, sikushangaa. Niliacha nungu, niliacha swala, niliacha hata ile nyama kavu dada yangu aliyokuwa ananitumia kutoka Mubi. Ilipofika, nilimpa jirani, nikasimama mlangoni nikisikia harufu yake inapita kwa majirani kama wimbo wa nyumbani. Mke wangu alicheka.

"Papa, fromaji iliisha kukuoa. Mimi nimebaki bibi wa pili."

Katika siku zile za kungoja, baba yangu akafa.

Nilikwenda Walikale kwa moto, pikipiki ya kukodi, na safari ile naikumbuka kama ndoto ya mgonjwa. Miti inafunga juu, barabara nyekundu inayeyuka, malori ya kwenda Mubi yamezama kwenye matope na madereva wake wamelala chini yake kama vifaranga. Kwetu, siku ya mwisho ya matanga wawindaji wanaleta mnyama, na kidari kinawekwa juu ya jani mbele ya mtoto wa kwanza. Yeye ndiye anakula kwanza, watu wote wanamwangalia, ndipo nyumba ya marehemu inaendelea. Hakuna maneno. Kula kwenyewe ndiyo maneno.

Walikiweka mbele yangu. Kilikuwa bado kinatoa moshi. Nikakisukuma kidogo.

"Kazi inakataza," nikasema.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, akainama kama hakusikia vizuri. "Kazi gani inakataza baba yako?"

Nyuma mtu mmoja akapaza sauti: "Huyu aligeuka ng'ombe! Mumutupie majani!" Watu wakacheka, hata wajane wakacheka, juu matanga yetu yana kicheko. Mjomba peke yake hakucheka. Alichukua jani, akalipeleka kwa mdogo wangu, na mdogo wangu akala. Kuanzia pale yeye ndiye nyumba. Mimi nikawa mgeni aliyekuja kutoa pole.

Niliporudi Masisi, mwili wote unauma, nikakuta kijana mmoja amesimama kwenye ngazi za kave na koti jeupe la shefu. Ametoka Goma. Mrefu, mwembamba, uso mwembamba. Wafanyakazi walinong'ona: anafanana na muntu wa ng'ombe. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Papa," akaniambia mwenyewe kwamba baba yake ni mshonaji na ng'ombe anaiogopa. Naye sina kesi. Alitafuta kazi, akapewa.

Lakini ndani yangu maswali yakaanza kuzunguka. Ni kabila langu? Ni sura? Ao kijana yule ni shemeji ya mtu? Ao labda mimi mwenyewe sifai, na wanaona aibu kuniambia? Mtu akikudharau wazi, unalala. Akikudharau ndani ya ukungu, unakesha. Nilifanya kazi nikiwa kama nimelala, ninaosha fromaji kwa maji ya chumvi, na kila moja ninaiuliza.

Mwisho nikapanda malishoni, kwa mchungaji mkubwa kuliko wote. Mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe zinaonekana miguu tu. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe.

"Mzee, ni kweli mulinikataa juu ya nyama ya pori?"

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Nani alisema vile? Kapita? Yule hata ng'ombe hajui mbele iko wapi!"

"Alisema ng'ombe zitatoa damu."

"Ile mambo wazee waliisema, njo kweli. Lakini weye, siku ulikuja hapa na njaa, nani alikunywesha maziwa kwa kibuyu yake mwenyewe?"

"Weye."

"Ng'ombe zangu zilitoa damu?"

"Hapana."

"Ni vita njo ilizimaliza, si mudomo yako. Sisi hakuna muntu alituuliza kitu."

Nilikaa karibu naye, majani yananilowesha. Niliona kile kidari juu ya jani, kinatoa moshi, na mkono wangu mwenyewe unakisukuma. Kapita hakuwa na haja ya kunitukana. Alinipa kisu, nikajikata.

Patro alipopanda kutoka mjini, nilimngoja mahali pa kupokelea maziwa. Mchungaji alikuja nami, anaegemea fimbo, akayasema mbele ya wote. Kapita hakukana. Alitazama huku na huku, kisha akakasirika, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo wa wengine.

"Sawa, tuseme ukweli. Bageni ba patro wanashukaka kwa kave kupiga mapicha. Wanataka kuona muntu wa ng'ombe. Sasa tuwaonyeshe hii sura ya pori? Nani atakula ile fromaji?"

Nikamgeukia patro. Amezaliwa hapa, anasema Kiswahili chetu kama sisi. Alikuwa anaangalia ndani ya bidoni, maziwa bado ya moto, mvuke unampanda usoni.

"Tupange vizuri," akasema polepole. "Kazi yote ya kave iko yako. Mshahara wa shefu utapata. Lakini jina ibaki kwa huyu kijana, juu ya bageni. Wakifika, weye unapanda kidogo kule juu, wakiisha kwenda unarudi."

"Kule juu wapi, patro?"

"Kwa majani."

Aliyasema kwa upole, kama anayenifunika blanketi. Na kwa kitambo nililala ndani ya upole ule. Nilijiona nimesimama malishoni kati ya miguu ya ng'ombe, ninaangalia watu wasionijua wanashuka kwenye ngazi zangu, wanacheka, mlango unafungwa. Nilijiona hivyo mwaka huu, mwaka ujao, mpaka kifo.

"Hapana, patro."

"Fikiri kwanza."

"Nilifikiri mpaka matanga ya baba yangu ikanipita."

Kapita alinitukana, na patro alitaka kulilipia lile tusi mshahara wa kila mwezi. Ninawataja wote wawili, na wa pili ninamtaja kwa sauti zaidi, juu yeye nilikuwa ninampenda.

Nilishuka kwa njia ya nyuma. Mke wangu alikuwa anachambua maharage mbele ya nyumba yetu ya mbao. Kuniona mchana ule, akasimama na sinia mikononi.

"Walikubali?"

"Kazi yangu waliikubali," nikamwambia. "Mimi njo walikataa."

Akaniangalia kidogo. Akamwaga maharage ndani ya mfuko, akaingia nyumbani, nikasikia anaanza kupanga masufuria moja ndani ya lingine.