Bibi na Mlango Usioitikia Salamu

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye yadi ya magari, njia ya Ujiji, nikisubiri fundi azibe pancha ya pikipiki yangu. Mume na mke kutoka Kidahwe wakaja kuchagua gari la familia. Bibi yao walikuja naye, maana ndiye wa kupelekwa kwenye misiba yote ya ukoo.

Muuzaji akaanza na toleo jipya. Akabonyeza kitufe, mlango ukajifungua taratibu. Bibi akainama kidogo, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye!"

Kimya. Akarudia. Kimya. Akajifunga kitenge upya.

"Mtu kanifungulia, namsalimu hataki kuitika. Sipandi."

"Bibi, hiyo ni mashine," yule mume akasema.

"Ndiyo ikose adabu?"

Muuzaji akaona wateja wanampotea. Akaingia kwa mlango wa dereva, akajikunyata nyuma ya kiti, akaitika kwa sauti nyembamba, "Mwakeye, bibi!"

Bibi akakiona kisogo chake. "Na huyu tutaondoka naye?"

Wakahamia toleo la zamani, rangi imepauka. Mume akauvuta mlango kwa mikono miwili, ukalia kwiiii mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Hili limeitika hata sijasalimu," bibi akasema, akapanda. Likanunuliwa hilo hilo.

Nilicheka sana, mpaka Jumatatu. Kwenye ofisi moja mjini nilimsalimu karani mara tatu, macho yake yakabaki kwenye simu. Nikaenda kukaa. Benchi likalia kwiiii.

Nikaliambia, "Salama, za kwako?"