Mwanamume wa Chini ya Mikeka

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa waja wote wa Garissa, walio ndani ya seng'enge ya serikali na walio nje kwa ruhusa ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya: ameonekana mjini mke mbaya kuliko wake wote tangu Hawa. Jina lake Rahmo. Ana mbuzi watano na dhambi zisizo idadi.

Mtangazaji alikuwa mumewe mwenyewe, Guleid, mpishi wa padri mmoja Mhispania. Padri alipenda kusimulia visa vya kale vya kwao, vile ambavyo vipofu waliviuza sokoni vimechapwa karatasini na kuanikwa kwenye kamba kama nyama ya kukausha. Karibu vyote viliwasema wake: mke mkali, mke mlevi, mke aliyemficha hawara sandukuni mume akibisha hodi. Guleid alivisikia akimenya vitunguu, jioni akavimwaga hotelini kwa Kulow. Lakini nani Garissa atamcheka mke wa Mhispania? Akambandika Rahmo visa hivyo vyote. Watu wakacheka hadi chai ikawatokea puani.

Rahmo alisikia, akaendelea kusuka mikeka yake. Mume anayechekesha watu, alijiambia, angalau hana muda wa kupiga.

Ndipo askari wakaja kusaka shifta, wale waasi wa porini. Guleid kuwa shifta? Alikuwa akimkimbia hata jogoo wa padri. Ila kipande chake cha kitambulisho alikuwa amekisahau jikoni kwa padri, na mwanamume asiye na kipande alipandishwa lori, wengine hawakurudi. Rahmo akamlaza chini, akamrundikia mikeka, akaketi juu yake na kuendelea kusuka.

"Mume wako wapi?" askari akauliza.

"Nikimpata, nitamkalia."

Askari akacheka, akaenda zake.

Lakini jirani yao Batula alikuwa ameona kidole cha mguu kikichungulia mikekani. Kufika jioni, hoteli nzima ilijua kwamba Rahmo anafuga mwanamume.

"Haya, Guleid," Awil, mmoja wa wanywaji chai, akamchokoza, "ni nani yule?"

Neno moja tu lilihitajika: mimi. Guleid akatazama nyuso zilizomsubiri. Akakumbuka lile sanduku.

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa kwa padri, nakaanga."

Hakuwahi kuchekesha vile maishani.

Wazee wakaja nyumbani, Mzee Sugow mbele, kuzungumzia talaka. Wakakaribishwa mkekani. Rahmo hakujitetea. Alimgeukia mumewe, akamngoja.

"Waambie, Guleid."

Guleid akakuna kisogo. "Adeer Sugow, mwanamke ni mwanamke tu."

Rahmo aliyatafuta machozi, hakuyapata. Akainuka, akaanza kufungua kamba za nyumba. Nyumba ya kuhamahama ni ya mke. Mama yake ndiye aliyeisuka, mume huingia kama mgeni mwenye bahati. Mkeka ukashuka, ufito ukang'oka, hadi wazee wakajikuta wamekaa juani wakikunja macho.

"Rahmo!" Guleid akapiga ukelele. "Wallahi, askari wakirudi nitajificha wapi tena?"

Wazee wakageuka wote pamoja.

"Tena?" Mzee Sugow akauliza.

Guleid akaufumba mdomo, lakini ulikuwa umeshatembea. Akamtazama mkewe akifunga mzigo.

"Rahmo, nisikilize. Leo hii nakwenda kwa Kulow kutangaza mji mzima usikie: hakuna mke mwema kama wewe, wala Hispania hayupo!"

"Inuka," Rahmo akasema. "Umekalia mkeka wangu."