Kondoo wa Mzee na Fungate ya Mwanangu

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Lewisham alikuwa amesahau karibu kila kitu, hata jina la marehemu mkewe. Lakini kila nikimfunga vifungo vya shati alihesabu: "Yan, tan, tethera." Nilidhani anaropokwa. Binti yake alipokuja kumtazama akanieleza kwamba hivyo ndivyo wachungaji wa kwao kaskazini walivyohesabu kondoo. Eti ni masalio ya lugha ya wenyeji waliokuwako kabla Waingereza hawajaja. Wengine wanabisha, wanasema yaliletwa baadaye kutoka Wales. Hakuna ajuaye kwa hakika.

Habari ile ilinitia unyonge. Lugha nzima imezikwa, zimebaki namba za kondoo! Ndani ya basi nikawaza kwamba na sisi tulikuwa na namba yetu, fungate, kabla ya kuazima saba kwa Waarabu. Leo hakuna anayehesabia fungate. Imejificha arusini tu, zile siku saba maharusi wanapokaa ndani wakiletewa chakula kutoka kwao bi arusi.

Na mwanangu wa pekee alikuwa aolewe mwezi ule ule. Tangu tuondoke Unguja baada ya mapinduzi nimeona mambo yetu yakinitoka mkononi moja moja, na hili sikuwa tayari kuliachia. Nilitaka akae fungate. Nilipomwambia, alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: "Mum, I'm back at work on Monday."

"Mwacha asili ni mtumwa," nikamwambia. Akacheka, akanibusu shavuni. Niliumia, lakini mimi nami mkaidi.

Jumatatu baada ya arusi nikapika kuku wa kupaka na mkate wa kumimina, nikapanda mabasi mpaka Queensbury walikohamia. Nikabisha hodi, kimya. Jirani yao, mama wa Kihindi aliyekulia Mombasa, akachungulia mlangoni.

"Wote wameenda kazini, mama. Karibu chai."

Nikamshukuru, nikasema nina haraka. Haraka ya nini? Mwanangu aliniambia mwenyewe kwamba atakuwa kazini, na bado nilikuja nikitumaini atafungua.

Nikaketi kituo cha basi. Sufuria ilikuwa bado na moto. Nikaifunua, nikala chakula cha bi arusi kwa mkono, peke yangu, watu wakinitazama, mpaka nikakimaliza.