Nilikata mirija ya marehemu baba mkwe nikapambia kioo

Nimekosa. Jina langu lifichwe tafadhali, Kasulu ni mji mdogo na mimi naimba kwaya.

Mimi ni mama wa nyumbani na ugonjwa wangu ni mapambo. Maua ya sebuleni nimeyatengeneza kwa chupa za maji. Vitambaa vya makochi nimefuma mwenyewe. Hata chupa ya chai ina gauni! Mgeni akiingia kwangu asiposifia kitu, siku yangu imeharibika.

Mwaka huu binti yangu akapata mchumba, kijana wa Kibondo. Wazee wake wakatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuposa. Nikajisemea, hawa wakitoka hapa lazima wakasimulie.

Kwenye simu nikaona namna ya kutengeneza kioo cha jua. Unachukua kioo cha duara, unakizungushia vijiti kama miale, unapulizia rangi ya dhahabu. Kioo nilikuwa nacho, rangi nikanunua. Vijiti ndiyo sikuwa navyo.

Stoo kulikuwa na mirija saba ya matete, imefungwa kwenye kanga. Ile mirefu ya kunywea pombe ya mtama chunguni, ambayo nyumbani tunaiita imiheha. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Alivuka nayo mpaka kutoka Burundi, akakaa nayo kambini Mtabila, akafa akiwa nayo kijijini Murungu. Mama mkwe alipohamia kwetu alikuja na kanga ile na chungu, basi.

Nilijua ni vya mama. Sikumwuliza, kwa sababu nilijua nikimwuliza atakataa. Kosa langu liko hapo, mengine ni maelezo tu.

Kila mrija nikaukata vipande vinne. Vile vichujio vya kusuka vya mwishoni nikavitupa, vilikuwa vinaharibu umbo. Kanga nikaikunja vizuri nikairudisha mahali pake. Kioo kikatoka kizuri jamani! Niseme ukweli, hata leo ni kizuri.

Wageni wakaja watatu: baba mkubwa wa kijana, shangazi yake na mshenga. Shangazi hata hajakaa, akauliza, "Mama, kioo hiki mmenunua wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe," nikajibu, nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Mama mkwe akadakia, "Huyu mkamwana wangu ana mikono!" Alinisifu mbele za watu, yule mama. Macho yake hayaoni vizuri.

Maneno ya posa yakaenda vizuri mpaka chungu kikaletwa katikati. Katika familia ya mume wangu, binti haozwi kabla wazee wa pande mbili hawajanywa chungu kimoja, na mrija wa marehemu unachomekwa humo pamoja na ya wengine. Haunyonywi na mtu. Unakaa tu, ili naye awepo anapotolewa mjukuu wake.

Mimi nimeolewa humo miaka ishirini na mbili. Desturi hiyo naijua. Nilidhani siku hizi watu wanakunywa soda.

Mama akamtuma binti yangu stoo. Binti akarudi na kanga tupu.

Nikasema labda ni panya.

Panya gani huyo, ndugu zangu! Ale mirija saba kisha akunje kanga?

"Wa mume wangu una mikato mitatu ya kisu karibu na mdomo," mama akasema, akiipapasa ile kanga. "Tafuteni vizuri."

Baba mkubwa akanyoosha kidole ukutani. "Kama ule pale, mama?"

Rangi ya dhahabu haikufunika ile mikato. Mume wangu akageuka kutazama kioo, akajiona.

Mama akainuka, akaenda hadi ukutani, akagusa kijiti kimoja kimoja mpaka akafika kwenye kile. Akasema polepole, "Ego, ndiyo. Ni yeye."

Laiti ardhi ingenimeza!

Baba mkubwa akavaa kofia yake. "Nyumba ambayo mzee wake yuko ukutani vipande vipande, sisi tutakunywa na nani? Tutarudi bibi akituita." Shangazi alitoka bila kukitazama tena kioo. Binti yangu alilia siku tatu, na hakulilia kwangu.

Wiki ile ile mama akarudi Murungu kwa mdogo wake mume wangu. Nilitaka kumbebea chungu hadi stendi, akasema hakina uzito.

Mwezi uliopita akawaita wazee wa Kibondo huko huko Murungu. Nasi tukaenda. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akaniambia, "Nimesamehe, inuka." Akakata matete mapya, akayachomeka chunguni. Mume wangu akapewa mrija, wageni wakapewa, hata binti yangu akaitwa anywe na bibi yake.

Mimi nililetewa kikombe. Kizuri, cha maua, na kisahani chake. Mama mwenyewe alinisogezea meza ndogo yenye kitambaa, akanimiminia, akasema, "Karibu, mgeni."

Miaka yote alikuwa ananiita mwanangu.

Nyinyi mnaopenda kupamba, pambeni. Lakini kabla hujashika mkasi, uliza kitu ni cha nani, na umwulize mwenyewe, hasa ukijua atakataa. Mimi kile kikombe nilikinywa chote, nikashukuru, wala hakuna aliyeniambia niongeze.