Kisahani cha Tatu cha Mama Seli

Wafagiaji wa maabara ndio waliombatiza Mama Seli, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulisha seli za panya kwenye visahani vya plastiki, kuzibadilishia maji ya lishe yenye rangi ya waridi kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Mgongo ulikuwa umekwisha. Mumewe alimtania kwamba hata watoto wao hawakulelewa hivyo, na hakuwa anatania sana.

Daktari, bosi wake, aliamini amepata jeni linaloua seli za saratani. Miaka mitatu wamekuwa wakiliingiza ndani ya seli za saratani za panya, na miaka mitatu seli zinakufa, wakubwa wanapongezana. Wa kuzimwaga na kuosha alikuwa Mama Seli.

Kilichomkera ni kwamba zilikufa upesi mno. Jeni huhitaji muda lianze kazi. Hizi kufikia asubuhi zilikuwa zimeshajikunyata. Siku zote walizilinganisha na kisahani kilichotiwa mafuta tu, yale ya kulipenyezea jeni, na hicho hakikudhurika. Basi akaongeza cha tatu bila kuomba ruhusa: mafuta yale yale, pamoja na kipande cha vinasaba, yaani DNA, kisichobeba jeni lolote. Kesho yake cha tatu kilikuwa kimekufa sawasawa na cha Daktari.

Alielewa pale pale, akatamani asingeelewa. Vinasaba vya seli hukaa ndani ya kiini chake. Vikionekana nje, kwenye uji wa seli, kuna protini zinazolinda huko ambazo huvidaka na kupiga mbiu kwamba virusi vimeingia. Seli jirani huarifiwa, na mara nyingine seli yenyewe hujiua. Walinzi hao hawasomi kilichoandikwa. Ukikuta viatu vya mgeni chumbani mwako, huanzi kuangalia ni vya saizi gani. Seli zilikuwa zikifa kwa kushtuka, na jeni la Daktari halikuhusika.

Tatizo ni kwamba mradi ukifa, kazi yake nayo imekufa. Mkataba wake mpya wa kazi ulingoja saini Ijumaa. Mumewe, ambaye miguu haikumfikisha tena hata dukani, alimsihi anyamaze mpaka Jumamosi, na yeye hakumlaumu. Alirudia jaribio mara mbili akiomba litoke vingine. Halikubadilika.

Alhamisi alasiri akaviweka visahani vyote vitatu mbele ya Daktari, akamweleza polepole. Daktari aliinamia hadubini muda mrefu.

“Unajua saini yako ni kesho?”

“Najua.”

“Si ungesubiri siku moja tu, dada yangu?”

“Nimechoka, Daktari. Miaka mitatu mimi nazizika, nyie mnashangilia. Baadaye mngewapa wagonjwa jeni hilo.”

Daktari hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitoa fomu ya mkataba kwenye faili, akaitazama, akaikunja bila kumpa asaini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama Mama Seli angeweza kumfundisha yeye kulisha seli, maana mwezi ujao hapatakuwa na mwingine wa kuzilisha.

Mama Seli akavuta kiti cha pili. Akamwambia kwanza avue pete, anawe mikono.