Uwanja wa Mama Icie Usioota Majani

Barua ya mchapishaji kutoka New York ilikuwa fupi. Hadithi ya Arvella Stubblefield wamekubali kuichapa, iwe ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vya watoto wapelelezi wa mashambani Georgia, ila kuna jambo moja dogo: uwanja. Wasomaji hawataamini kwamba kuna watu wanaofagia uwanja wa udongo mtupu. Aweke majani mabichi.

Jambo dogo! Kule kwao, mwaka huo wa 1974, nyumba iliyozungukwa na majani ilihesabiwa kuwa ya mvivu au ya mfuga nyoka. Halafu ukishaweka majani, nyayo hakuna. Na bila nyayo, Pearline, mpelelezi wa miaka kumi, angemkamataje mwizi wa kengele ya kanisa? Kitabu kizima kingebaki kichekesho.

Arvella alikuwa mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye mikono yenye makovu ya mafuta ya moto. Alikuwa ameandika kwa miaka sita, upande wa nyuma wa karatasi za ratiba ya chakula, na wachapishaji kumi na mmoja walikwisha kumkatalia. Huyu alikuwa wa kumi na mbili, na wa kumi na tatu hakuwa naye. Hata hivyo alijibu kwamba majani haweki, akatia barua posta kabla moyo haujamgeuka, kisha akakosa raha wiki tatu.

Jumamosi moja ya Oktoba mhariri mwenyewe, Bi Haskell, akaja kumbembeleza. Alifika mapema kuliko alivyoahidi. Arvella na mama yake, Mama Icie, walikuwa bustanini nyuma ya nyumba wakichuma mboga. Walipozunguka mbele walimkuta mgeni amesimama barazani, kajaa tabasamu. Mama Icie hakumtazama. Alitazama chini, alipokuwa amefagia alfajiri hiyo kwa fagio lake la fito, mistari imelala kama nywele zilizochanwa.

"Mungu wangu! Nani huyu kanichezea ngoma uwanjani?"

"Samahani, mama," alisema Bi Haskell. "Nilipita tu moja kwa moja hadi—"

"Moja kwa moja wapi, binti? Hapo getini ulisimama ukajishauri. Ukaenda dirisha la chumba changu, ukainuka kwa vidole vya miguu uchungulie. Kitanda hujakiona hakijatandikwa?"

"Mama!" Arvella aliona aibu ya kufa. Mchapishaji wa kumi na mbili huyo anaondoka, alijisemea.

"Niache. Halafu jogoo akamtimua. Ona hatua zilivyorefuka! Na kisigino cha kiatu cha kulia kimekatika pale, ndiyo maana anasimama kama korongo. Kaa chini, mwanangu, uvue hivyo viatu kabla hujavunjika kiuno."

Bi Haskell aliiva uso. Kisha, badala ya kukaa, alishuka ngazi akiwa na soksi tu, akainama juu ya nyayo zake mwenyewe. Alizifuata moja moja hadi dirishani, akarudi akichechemea kwa kokoto.

"Bi Stubblefield, huyu Pearline wako anaona haya yote?"

"Ana miaka kumi, anayaona. Mimi mama alinifundisha nikiwa na sita."

"Basi hapaoti jani," alisema mhariri. "Hata moja."

"Sasa umesema neno," alisema Mama Icie. "Ingia ule. Mkate wa mahindi unapoa."

Kitabu kikatoka majira ya kuchipua. Mkutubi alileta nakala ishirini shuleni, na kabla ya kengele ya chakula zote zilikuwa mikononi mwa watoto, wengine wawili wawili, wakigombea. "Huu ni uwanja wa bibi yangu!" "Wapi! Wa bibi yako una magugu!" Arvella alisimama na mwiko wake akilia waziwazi, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Nakala ya kwanza alikuwa amemwekea mama yake. Mama Icie hakujua kusoma. Alipofika miaka saba walimpa gunia la kuchumia pamba badala ya kibao cha kuandikia shuleni. Arvella alikuwa amepanga kumsomea sura moja kila jioni, mwizi amfiche hadi mwisho.

Mama Icie alikipokea kwa mikono miwili. Kwenye jalada mchoraji alikuwa ameuchora uwanja wenyewe, na nyayo, na watu watatu barazani, mmoja kavaa suti nyeusi ya shemasi na kofia. Alikisogeza karibu na macho. Kidole chake kikatembea polepole juu ya nyayo.

"Kumbe ni shemasi mwenye kofia," alisema.

"Nini?"

"Mwizi. Huyu aliyepita hapa anaburuta mguu wa kushoto, na shemasi kiatu chake cha kushoto kimelika nchani. Alikuja mikono mitupu akaondoka na mzigo mzito, tazama alivyozama. Hana haya huyu, kuiba kengele ya kanisa!"

Arvella alishika mdomo. Miezi yote hiyo, kule New York hakuna aliyegundua kwamba jalada linamfichua mwizi.

"Mama, nani amekwambia?"

Mama Icie alikifunga kitabu mapajani, akakifuta kwa kiganja.

"Aniambie nani? Nimesoma."