Hyasinta na Neno la Mlangoni

Mie Kiingereza sikipendi, na atakayekasirika akasirike. Kisa ni jirani yangu Hyasinta, tunayeanika naye dagaa hapa Nyegina.

Dada yake Susana alifariki akiacha mtoto hata meno hana. Ndiye Clever. Baba mtu, Mseti, alipanda kivuko Kisorya akaenda zake Ukerewe, hakurudi hata kuuliza mtoto anakula nini. Hyasinta akambeba. Kwetu hilo halina maelezo: mama mdogo ni mama, basi. Alipopata mchumba, mwanaume akamtaka peke yake bila mtoto. Hyasinta akamwambia ashike njia.

Akampeleka Clever shule ya bweni Musoma mjini, Kiingereza tupu. Likizo wanakaa jikoni, mtoto anamfundisha. Anashika kikombe, anasema "cup." Hyasinta anajibu, "Kapu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana kapu letu sisi ni la dagaa. Alikuwaga akianika huku anataja ndoo, kijiko, mlango, peke yake, mpaka watu wakadhani amechanganyikiwa.

"Dada, yote hayo ya nini?" nilimuuliza.

"Siku ya mahafali wazazi wanasalimiwa kwa Kiingereza. Clever atasema huyu ni mama yangu, na mimi nataka nijibu."

Hicho tu ndicho alichokitaka duniani.

Siku ilipofika nilimsindikiza. Alivaa kitenge kipya, amesuka. Mlangoni mwalimu akamuuliza Clever huyu ni nani. Clever akasema, "She is my aunt." Hyasinta akatabasamu, akanyoosha mkono. Neno hilo hakufundishwa. Mwalimu akatuonyesha viti vya nyuma, vya ndugu na jamaa.

Viti vya mbele vilikuwa vya wazazi, na pale mbele alikuwa amekaa Mseti, na suti yake. Eti shule ilimtafuta kwa sababu jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Hyasinta akamuuliza mama aliyekaa jirani neno lile maana yake nini. "Shangazi," akajibiwa. Shangazi! Shangazi ni dada wa baba. Yaani amefanywa dada yake Mseti, mtu wa ukoo uliomtupa mtoto.

Clever alipopita nikamkamata mkono, nikamuuliza amekosewa nini na mama yake. Akainamisha kichwa. "Kiingereza hakina mama mdogo. Niliandika 'small mother' nikakoseshwa, darasa zima likanicheka. Mwalimu akasema ni aunt."

Kisha mpiga picha akaita, "Mother and father!" Hilo Hyasinta alilijua. Akasimama, akanyoosha kitenge chake, akaenda mpaka mbele. Mwalimu akamzuia kwa upole, "Anti, subiri kidogo, ni wazazi tu." Anti, kama wanavyoitwa wahudumu wa baa kule Bunda. Mseti akapigwa picha amemshika mtoto bega.

Njiani Hyasinta alitangulia mbele, mie nikamfuata nyuma.

Clever alipomaliza mitihani akarudi nyumbani, alimkuta kwenye kichanja cha dagaa. "Mama, shikamoo."

Hyasinta hakuinua kichwa. "Mama yako tulishamzika," akasema. "Mfuate baba yako Ukerewe."

Mtoto alilia pale pale, na Hyasinta akaendelea kugeuza dagaa.